Gari Lenye Kiu: Kuvuka Nchi kwa Nguvu za Mvuke

Mtu anayeliona gari la mvuke kwa mara ya kwanza likitembea barabarani huuliza swali lilelile: hili linaweza kufika wapi? Treni ya mvuke anaielewa, maana ina reli yake, vituo vyake na watu wa kuihudumia. Lakini gari la barabarani, lenye moto tumboni na maji yanayochemka, lililoundwa kabla babu yake hajazaliwa, linaweza kweli kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine?

Jibu ni ndiyo. Magari hayo yamepanda milima, yamevuka misitu, na hadi leo wapo watu wanaosafiri nayo. Sharti lake ni moja, nalo ndilo litakalotuongoza katika sura hii: safari ya mvuke hupangwa kwa kufuata maji. Dereva wa petroli huuliza kituo cha mafuta kiko wapi. Dereva wa mvuke huuliza kisima kiko wapi, na ni nani atakayemruhusu kuchota.

Mvuke unasukumaje gari?

Tazama sufuria ya maji inayochemka jikoni huku imefunikwa. Mfuniko unacheza, unainuka, unaanguka. Kinachouinua ni mvuke. Maji yakigeuka kuwa mvuke katika hali ya kawaida ya hewa, hutanuka na kuchukua nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600. Ukiuzuia mvuke huo ndani ya chombo kigumu, utatafuta njia ya kutoka kwa nguvu nyingi. Injini ya mvuke ni ufundi wa kuupa njia moja tu, kisha kuufanyisha kazi njiani.

Chombo hicho kigumu huitwa boila. Ni tangi la chuma lenye maji, na chini au kando yake kuna tanuru, yaani chumba cha moto. Mvuke ukishapata nguvu ya kutosha huelekezwa kwenye silinda, bomba nene la chuma ambalo ndani yake kuna pistoni, yaani kipande cha chuma kinachokwenda mbele na kurudi nyuma. Pistoni huunganishwa na mtaimbo unaozungusha magurudumu. Moto unaweza kuwa wa kuni, wa makaa ya mawe au wa mafuta ya taa, boila haichagui.

Sasa mvuke ukishaisukuma pistoni unakwenda wapi? Katika injini nyingi za zamani hutolewa nje kupitia dohani, lile bomba la moshi. Ule mlio wa kukoroma unaosikika injini ikitembea ni mvuke unaotoka. Ukitoka hivyo huvuta hewa kupitia tanuru na kuufanya moto uwake vizuri zaidi. Faida hiyo ina gharama yake: kila mkoromo ni maji yaliyopotea angani. Ndiyo maana gari la mvuke lina kiu isiyokwisha.

Na kiu hiyo si ya mchezo. Mbele ya dereva kuna kioo chembamba cha wima kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Dereva mzuri hukitazama kioo hicho zaidi kuliko anavyoitazama barabara. Maji yakishuka mno, paa la tanuru hubaki wazi juu ya moto, chuma hulainika, na boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi waliweka kinga: kizibo chenye kiini cha madini ya risasi kwenye paa la tanuru. Risasi huyeyuka mapema kuliko chuma. Maji yakipungua kupita kiasi, kiini kinayeyuka, mvuke unamiminika ndani ya tanuru na kuupunguza moto, na dereva anajua kwamba amechelewa.

*Kwa ufupi:* moto huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, pistoni huzungusha gurudumu. Moto ukizimika, gari husimama. Maji yakiisha, gari linaweza kuua.

Funzo la kwanza lililolipiwa kwa moto

Gari la kwanza la mvuke linalojulikana vizuri liliundwa Ufaransa mwaka 1769 na Nicolas-Joseph Cugnot, mhandisi wa jeshi, ili livute mizinga. Lilikuwa na magurudumu matatu na boila iliyoning'inia mbele. Gari lake la pili, la mwaka 1770, bado lipo katika jumba la makumbusho mjini Paris.

Huko Uingereza, tarehe 24 Desemba 1801, Richard Trevithick aliwasha gari lake katika mji wa Camborne na kulipandisha kilima likiwa na abiria. Siku chache baadaye gari hilo liliharibika njiani. Trevithick na wenzake walilisogeza bandani, wakaingia katika nyumba ya wageni kula na kunywa, na moto wakauacha unawaka. Maji yalichemka yakaisha. Chuma kikawa chekundu, na vyote vilivyoweza kuungua vikaungua, banda likiwamo. Tangu siku hizo mafundi wa mvuke wamekuwa na kanuni isiyo na mjadala: boila yenye moto haiachwi peke yake.

Kwa muda mrefu sheria nayo iliyabana magari haya. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza liliamua kwamba yasizidi mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa nje ya miji na kilomita 3 hivi ndani ya miji. Isitoshe, mtu mwenye bendera nyekundu alipaswa kutembea mbele yake kuwatahadharisha wenye farasi. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1896, na madereva wakasherehekea kwa msafara wa kutoka London hadi Brighton. Msafara huo hukumbukwa kila mwaka hadi leo kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1905, na ya mvuke yamo.

Mapacha wa Marekani

Waliolifanya gari la mvuke kuwa chombo cha safari ya familia hawakuwa mwanajeshi kama Cugnot wala mtu wa migodi kama Trevithick. Walikuwa ndugu wawili mapacha, Francis na Freelan Stanley, wazaliwa wa jimbo la Maine. Walikuwa wametajirika kwa kutengeneza vioo vya kupigia picha kabla ya kuunda gari lao la kwanza mwaka 1897. Gari lao lilikuwa jepesi, halikuwa na gia za kubadilisha, na lilitembea kwa utulivu wa kushangaza. Mvuke una nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, hivyo dereva hufungua valvu na gari likaondoka.

Tarehe 31 Agosti 1899 Freelan na mkewe Flora walilipandisha gari la aina hiyo hadi kilele cha Mlima Washington, wenye urefu wa mita 1,917. Njia ni ya kilomita 12 hivi, ya mawe na mwinuko mkali. Walitumia saa mbili na dakika kumi. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika pale. Zaidi ya miaka sita baadaye, Januari 1906, gari la kampuni yao likiendeshwa na Fred Marriott katika ufukwe wa Florida lilifikia mwendo wa kilomita 205 kwa saa. Wakati huo hakuna gari jingine duniani lililokuwa limekwenda kasi hivyo. Rekodi ya gari la mvuke haikuvunjwa hadi 2009.

Freelan alipougua kifua kikuu alihamia Estes Park, katika milima ya Colorado, kufuata hewa safi. Alipona, akajenga hoteli iliyofunguliwa mwaka 1909, na wageni wake wakapandishwa milimani kwa magari makubwa ya mvuke yaliyotengenezwa na kampuni ya familia.

Lakini tuangalie maji. Magari ya awali ya Stanley yaliutoa mvuke nje, kwa hiyo kila baada ya kilomita thelathini hadi hamsini yalihitaji kujazwa tena. Hilo halikuwa tatizo, kwa sababu kandokando ya barabara za Marekani kulikuwa na mabirika ya kunyweshea farasi. Dereva alisimama, akatumbukiza mpira, injini ikavuta maji, safari ikaendelea. Mwaka 1914 ukazuka ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na ili usienee, mabirika mengi ya umma yakaondolewa. Ghafla magari ya mvuke yakawa hayana pa kunywa. Kufikia mwaka 1915 Stanley walianza kuuza magari yenye kondensa, kifaa kinachoupoza mvuke uliotumika na kuurudisha kuwa maji. Kifaa kilisaidia, lakini pigo lilikuwa limeshatua. Ugonjwa wa ng'ombe ulikuwa umesimamisha magari.

Kongo, 1915: barabara iliyonyweshwa kwa mitungi

Safari ya mvuke inayotuhusu zaidi sisi watu wa Maziwa Makuu ilifanyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao kutoka Kigoma. Waingereza waliamua kupeleka boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni kuelekea kaskazini hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ilikoma. Mbele yao kulikuwa na karibu kilomita 240 za msitu, mabonde na milima ya Mitumba kabla ya kuifikia reli nyingine huko Sankisia.

Boti ziliwekwa juu ya magari ya kukokotwa, zikafungwa kwenye matrekta mawili ya mvuke. Trekta la mvuke ni injini nzito ya barabarani yenye magurudumu mapana ya chuma, iliyoundwa kuvuta mizigo na kuendesha mashine za shambani. Mamia ya vibarua Waafrika walitangulia wakifyeka njia na kujenga madaraja, zaidi ya 150 kwa jumla. Kuni zilikatwa porini. Mara kwa mara matrekta yalizama katika ardhi laini au kuinama hadi kukaribia kupinduka, na panapo mwinuko mkali ng'ombe wa kukokota waliongezwa kwa kamba na kapi.

Kisha ukaja ukame. Visima na vijito vilikauka, na tanuru lililojaa kuni halifai kitu bila maji. Wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kubeba maji kwa mitungi, kichwani, kutoka mbali, ili boila zinywe. Msafara ulianza katikati ya Agosti na kufika Sankisia mwishoni mwa Septemba. Ukigawanya, ni chini ya kilomita sita kwa siku.

Kutoka Sankisia boti ziliendelea hadi zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, wasiiache mikononi mwa adui. Baada ya vita iliibuliwa, na watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba.

Vitabu vya vita humtaja kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson. Mimi naomba msomaji awakumbuke kwanza waliobeba mitungi. Bila wao matrekta yale yangebaki porini yakila kutu, na boti zisingelifika ziwani.

*Kwa ufupi:* tangu Camborne hadi Colorado hadi Katanga, kilichoamua safari itafika au haitafika kilikuwa maji, pamoja na watu wa njiani waliokubali kuyatoa au kuyabeba.

Kwa nini magari haya yalitoweka?

Mengi yanasemwa, lakini sababu kubwa zinahesabika:

1. *Kuchelewa kuondoka.* Gari la Stanley lilihitaji kama nusu saa ili lipate mvuke. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na kiwashio cha umeme, na gari la petroli likawa halihitaji tena kuzungushwa kwa mkono.
2. *Maji.* Petroli ilihitaji kituo kimoja kwa safari ndefu. Mvuke ulihitaji vingi.
3. *Bei.* Gari la Ford aina ya T lilishuka kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Kampuni ya Stanley ilifunga kazi mwaka 1924.
4. *Kodi.* Huko Uingereza, malori ya mvuke yaliendelea kushindana vizuri hadi miaka ya 1930, kodi ya magari ilipopangwa kwa namna iliyoyaumiza magari mazito. Boila ni nzito, na haikuwa na pa kujificha.

Ona kwamba hakuna sababu hapo inayosema mvuke ulikosa nguvu. Ulishindwa na urahisi.

Waliokataa yayeyushwe

Baada ya Vita Kuu ya Pili, matrekta ya mvuke ya Uingereza yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwaka 1950 mkulima Arthur Napper alibishana na mwenzake kuhusu trekta la nani lina kasi zaidi. Wakashindana katika shamba huko Appleford, na zawadi ikawa pipa dogo la bia. Watu walikuja kutazama, mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi, na kutokana na mashindano ya namna hiyo ikazaliwa harakati ya kuhifadhi injini za mvuke ambayo sasa ina maonyesho makubwa kila kiangazi.

Aliyeifikisha habari hiyo katika kila sebule ni Fred Dibnah wa mji wa Bolton, fundi wa kupanda madohani marefu ya viwanda, kuyatengeneza na kuyabomoa. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na karakana iliyoendeshwa kwa mvuke. Alinunua trekta la kampuni ya Aveling and Porter, lililoundwa mwaka 1912, likiwa katika hali mbaya, na ukarabati wake ulimchukua miaka 27. Mwaka 2004, akiwa anajua kwamba saratani inammaliza, alizunguka Uingereza akiwa na trekta hilo na kamera za BBC, akiwatembelea mafundi ambao bado walijua kufua chuma, kusubu vyuma na kutengeneza boila. Alikwenda nalo London hata siku aliyopewa nishani na Malkia. Alifariki Novemba mwaka huohuo, na kipindi kikaonyeshwa mwaka uliofuata. Alitumia nguvu zake za mwisho kuwaonyesha watu mikono inayojua kazi. Sijui njia bora zaidi ya kusafiri ndani ya nchi yako.

Siku moja barabarani

Je, safari yenyewe ikoje? Kwa trekta la mvuke, asubuhi hupangika hivi:

- *Kukagua maji kabla ya kiberiti.* Kioo kikionyesha pungufu, moto hauwashwi.
- *Kuwasha moto polepole.* Chuma kikipata joto hutanuka. Kikiharakishwa, maungio hulegea na kuvuja. Kazi hii huchukua saa mbili au zaidi.
- *Kupaka mafuta.* Wakati moto unakolea, dereva huzunguka na kopo la mafuta, akigusa kila kiungo kinachocheza.
- *Kutoa maji kwenye silinda.* Mvuke wa kwanza ukikutana na chuma baridi hugeuka maji, na maji hayabonyei. Pistoni ikiyagonga, silinda inaweza kuvunjika. Kwa hiyo vibomba vidogo hufunguliwa yatoke kwanza.
- *Kupanga vituo vya maji.* Mto, bwawa, bomba la shamba: vyote huandikwa kabla ya kuondoka.

Barabarani kwa kawaida wahudumu huwa wawili. Mmoja hushika usukani, unaoyageuza magurudumu ya mbele kwa minyororo. Wa pili hushughulika na valvu, moto na maji. Mteremko huogopesha kuliko mlima. Tanuru liko nyuma ya boila, hivyo trekta likiinamisha pua, maji hukimbilia mbele na paa la tanuru linaweza kubaki wazi. Dereva anayejua kazi huhakikisha maji yanatosha akiwa bado juu ya kilima. Anayekumbuka akiwa katikati ya mteremko amechelewa.

Na huko Uingereza boila za zamani kama hizo hukaguliwa kila mwaka na mkaguzi asiye na maslahi na mwenye gari. Asiye na cheti haruhusiwi kuwasha moto mbele ya umma, na ni haki.

Na kwetu je?

Afrika Mashariki haikuwa na magari mengi ya mvuke barabarani, lakini nchi zetu zilivukwa kwa mvuke juu ya reli, na sheria ya maji ilitawala vilevile. Reli ya kutoka Mombasa ilipopita nyika ya Taru, maji ya wajenzi yaliletwa kwa treni. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, mahali palipochaguliwa kwa sababu palikuwa na maji na uwanja tambarare kabla ya kuanza kupanda nyanda za juu. Jiji lile kubwa lilianza kama mahali pa injini kunywa na kupumzika.

Kilele cha ufundi huo kilikuwa injini za daraja la 59, aina ya Garratt, ambapo boila moja kubwa hubebwa katikati ya seti mbili za magurudumu ili injini ndefu iweze kupinda kona. Zilitengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na zilipewa majina ya milima yetu. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: Mount Gelai na Mount Shengena, majina ya milima miwili ya Tanzania.

Chuma hicho kimetunzwa. Ujuzi wa kukiendesha umo vichwani mwa wazee waliokuwa madereva, wachochea moto na mafundi wa karakana za reli Nairobi, Tabora, Dar es Salaam na kwingineko, na injini za mvuke zilimaliza kazi zao kwenye reli hizo takriban miaka arobaini na mitano iliyopita. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na mitano wakati huo sasa amefika sabini. Dibnah aliwafuata mafundi wake wakati bado wangeweza kusema. Sisi tumechelewa, lakini muda haujaisha.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kufanya kazi relini, nenda ukamwamkie, kisha muulize mambo matatu: mlijaza maji wapi, mlijuaje kwamba moto umekolea, na injini ikigoma njiani mlifanya nini. Mrekodi kwa simu yako. Andika majina ya vituo, majina ya zana na majina ya wenzake. Ukishamaliza, peleka nakala shuleni, maktabani au makumbusho. Fanya hivyo mwezi huu.